Mafundo Saba ya Bi Mwamvua

Nianze na kosa langu, maana wanaonijua watalitaja hata nikilificha. Mwaka 1976 mimi, Mwalimu Donatus, msimamizi wa michezo wa tarafa ya Ushirombo, nilifunga misumari yote mirefu kwenye viatu vya mbio vya msichana niliyekuwa nikimfundisha, nikamwambia akimbie kwenye mbuga za Shinyanga siku ya mvua. Nilikuwa nimesoma kijitabu. Kijitabu kilisema mbio za nyika zinataka misumari mirefu, nami nikakiamini kana kwamba aliyekiandika aliwahi kukanyaga tope la kwetu. Msichana aliingia kwenye udongo mweusi akiwa wa pili. Alipotoka upande wa pili alikuwa amebeba tope la unene wa tofali chini ya kila kiatu, na alimaliza wa kumi na nne. Msichana huyo ni Anisia. Mtu aliyenionya mapema, nikamjibu kwa jeuri ya mwenye chaki mfukoni, ni fundi viatu Bi Mwamvua binti Fikirini, na habari zake ndizo ninazotaka kusimulia.

Mzee Fikirini, baba yake, alikuwa mtu wa Pangani aliyekuja bara na wafanyabiashara, akaoa Ushirombo na hakurudi tena kwao. Hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo alimkalisha binti yake kwenye kigoda, akampa sindano ndefu ya kushonea ngozi. Mgodi wa zamani wa Geita ulipokuwa ukifanya kazi walihamia huko wote wawili, wakawa wanatengeneza mabuti ya wachimbaji. Mabuti yale yalikuwa na misumari chini, na hapo ndipo Bi Mwamvua alipojifunza mambo ambayo hakuna kijitabu kilichowahi kunifundisha. Wanaume waliofanya kazi kwenye maji walitaka misumari michache. Waliosukuma vitoroli juu ya mwamba mkavu walitaka mingi na mifupi. Fundi akikosea, mtu aliteleza na kuvunjika, na lawama zilimfuata fundi hadi mlangoni.

Mgodi ulipofungwa, katikati ya miaka ya sitini, mzee alikwishakufa. Bi Mwamvua alirudi Ushirombo na sanduku la vifaa, akafungua kibanda karibu na soko. Alikata katambuga za matairi ya lori, alishona ndala za masista wa misheni, alirudishia soli viatu vya walimu. Mwanzoni wanaume walipita wakicheka kuona mwanamke ameshika nyundo na mdomo umejaa misumari. Yeye hakuwajibu, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa misumari. Aliolewa mara mbili, wa kwanza wakaachana, wa pili akafariki, na ukimuuliza juu ya hayo alikuuliza nawe kama viatu vyako vimekwisha kulipiwa.

Mkulima wa kwetu, kabla hajaamua apande nini, huchota udongo, akautia maji kidogo na kuuviringisha kiganjani. Ukirefuka kama kamba bila kukatika, huo ni wa mbuga, anapanda mpunga. Ukimeguka-meguka ni luseni, udongo wa mchanga wa kule juu. Ukikataa hata kulowa vizuri ni itogolo, mgumu kama sakafu. Bi Mwamvua alifanya hivyo hivyo kwa ajili ya viatu. Mteja akitaka katambuga aliulizwa shamba lake liko wapi, na asipojua kueleza udongo wake alirudishwa nyumbani akachukue kiganja kimoja. Watu walinung'unika, lakini walirudi nao.

Viatu vyenyewe vya mbio, vile tulivyoviita spaiki, vilikuwa jozi moja tu kwa tarafa nzima. Bruda mmoja wa misheni aliyependa kukimbia alituachia aliporudi kwao, pamoja na kopo la kahawa lililojaa misumari ya kukaza kwa spana: mifupi kama punje ya mahindi, na mirefu inayofika pingili ya kwanza ya kidole cha mwisho. Kila soli ilikuwa na matundu sita. Viatu vilikuwa vikubwa, vya mwanamume mrefu. Baada ya aibu ya mwaka 1976, Bi Mwamvua alivichukua bila kuniomba ruhusa, akafumua ngozi yote ya juu, akaikata upya kwa kipimo cha mguu wa Anisia, akairudishia juu ya soli ile ile. Nilipokwenda kulalamika kwamba ile ni mali ya tarafa alinikabidhi nyuzi zilizobaki. Alisema hizo pia ni mali ya tarafa.

Mwaka 1977, mwezi wa pili, ilikuja barua. Ofisi iliyotupangia usafiri ilieleza kwamba kwa miaka mitano mfululizo hakuna msichana wa upande wetu aliyeingia tatu bora katika mbio za nyika za mkoa. Kama na safari hii ingekuwa hivyo, nafasi za wasichana kwenye lori zingepewa wachezaji wa akiba wa mpira wa miguu. Wachezaji wa akiba! Vijana waliokwenda Shinyanga kukaa kwenye benchi na kula maandazi. Nilikasirika hata nikashindwa kufundisha kipindi cha mwisho. Niliipeleka barua kwa Bi Mwamvua, nikamsomea mara mbili. Aliuliza mbio ni lini, na kama kwenye lori kuna nafasi ya mtu asiyekimbia.

Anisia alikuwa na miaka kumi na saba, darasa la saba, na huo ndio ulikuwa mwaka wake wa mwisho shuleni. Alikuwa mpole, mwenye magoti makubwa na pumzi isiyoisha. Nyuma yake kulikuwa na wasichana wadogo wanane waliofanya mazoezi naye kila asubuhi kwenye barabara ya misheni, na wote waliisikia habari ya barua. Hakuna aliyehitaji kumweleza uzito wa jambo lenyewe.

Tulifika Shinyanga Ijumaa asubuhi, tukafikia kwa dada yangu Salvina, Mama Kamili, aliyeolewa mjini. Waandalizi walikuwa wamechomeka bendera kuonyesha njia: kilomita sita kutoka uwanja wa shule, kushuka kwenye majaruba ya mpunga, kuzunguka na kurudi. Walitoa amri kwamba mkimbiaji yeyote asiikague njia kabla, wala mwalimu wake, ili wa mbali na wa karibu wawe sawa. Amri nzuri. Lakini hakuna aliyefikiria kumkataza fundi viatu. Bi Mwamvua alivua katambuga zake, akazitia kwapani, akaifuata njia peku, peke yake, mwanamke wa miaka hamsini na ushee mwenye mguu wa kushoto unaovimba. Kila udongo ulipobadilika aliinama, akachota, akafunga fundo kwenye khanga yake. Alirudi alasiri na mafundo saba yaliyopangwa kwa mfuatano, kuanzia pembe moja ya khanga hadi nyingine.

Siku ile mvua haikuwa imenyesha bado, ila mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa ziwa. Alinieleza kwamba macho yamemwonyesha udongo mkavu, na udongo mkavu haumwambii mtu utafanya nini ukilowa. Angeujaribu kwa maji, mmoja mmoja, ndipo achague misumari. Aliweka khanga juu ya mkeka, akaenda sokoni kutafuta mafuta ya ng'ombe ya kupaka soli.

Sasa, dada yangu Salvina alilelewa vizuri. Mgeni wake akija na nguo iliyochafuka hangoji kuambiwa. Aliona khanga ya mgeni imejaa vumbi na udongo, imefungwa-fungwa, akadhani mama wa watu ameokota viazi vilivyooza au dawa zilizoharibika njiani. Akayafungua mafundo yote, akakung'uta udongo kwenye tuta la mchicha, akaifua khanga kwa sabuni na kuianika. Bi Mwamvua alipoingia uani na mafuta yake, khanga ilikuwa inapepea kwenye kamba, nyeupe na nyekundu, safi kabisa.

Nilipayuka. Sitarudia niliyomwambia dada yangu mbele ya wageni, nimekwisha kumwomba radhi na nitamwomba tena. Alishika mdomo akaanza kulia. Bi Mwamvua aliniacha nimalize, akaishika khanga akaona bado ni mbichi.

"Mwalimu, umenyamaza?" akaniuliza. "Vizuri. Mama Kamili, ahsante sana, mwanangu. Umenifulia."

Nilisema niende mwenyewe kuchota upya, hata kwa kuivunja amri. Akanikumbusha kwamba jua linatua, na kwamba waandalizi huondoa bendera jioni zisichukuliwe na watoto. Mtu asiyeijua njia angemletea udongo wa shamba la mtu mwingine. Naye mguu wake ulikuwa umekwisha kuvimba hadi kwenye enka. Anisia alisimama kando ya jiko akatazama chini, na mimi nikaanza kuwahesabu moyoni wale vijana wa akiba na maandazi yao.

Mama Kamili, kwa kutafuta la kufanya, akaleta karai la maji ya moto amwoshe mgeni miguu. Akapiga magoti, akanyoosha mkono. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilimwona Bi Mwamvua akishtuka. Aliivuta miguu yake nyuma haraka.

"Hiyo usiiguse," alisema. "Huko ndiko nilikobakiza."

Alikaa kwenye kigoda, akaomba ungo mweupe na maji kwenye kikombe, akapandisha mguu wa kulia juu ya goti. Nyayo za Bi Mwamvua zilikuwa na magaga ya miaka mingi, nyufa unazoweza kuingiza sarafu. Akachukua sindano yake ya kushonea ngozi, akaanza kuchokonoa udongo uliojishindilia humo. Uliokuwa juu ulikuwa wa mwisho kukanyagwa, alisema, na ulioko ndani kabisa ni wa kwanza. Kila alichokitoa alikiweka kwenye ungo peke yake, akakidondoshea maji kwa ncha ya kidole, akakisugua kati ya vidole viwili. Kipande chenyewe hakikuzidi punje ya mtama. Alifumba macho. Mimi niliambiwa niandike kwa chaki ukutani.

Itogolo mwanzoni na mwishoni, uwanjani. Luseni kwenye mteremko. Kisha mbuga, na mbuga nyingine nyeusi zaidi yenye majaruba. Kisha luseni tena, nyembamba. Nilikuwa nimeandika sita kati ya saba, uwanja nikiuhesabu mara mbili. Akabadilisha mguu, akatafuta, akachokonoa hadi damu ikatoka kidogo.

"La sita sina," alisema. "Palikuwa na migunga, miiba imetapakaa njiani, nikavaa katambuga. Hapo sijui, Anisia, na sitakudanganya."

Na pale ndipo mtu aliposhindwa kuvumilia. Mama Kamili alikuwa bado amepiga magoti na karai lake, macho mekundu. Alisema kwa sauti ya chini, "Pale kwenye migunga? Pale ndipo sisi tunapochimba udongo wa kukandikia nyumba. Ukilowa unateleza vibaya, lakini haushiki mguu."

Bi Mwamvua alimgeukia, akamuuliza unateleza kama nini, unakauka kwa muda gani, unapasuka au haupasuki. Dada yangu alijibu yote, maana nyumba ile aliikandika kwa mikono yake. Mwisho wa maswali Bi Mwamvua alimshika bega. "Wabeja, mwanangu," alimshukuru kwa Kisukuma, ingawa Kisukuma chake kilikuwa cha sokoni. "Sasa nioshe miguu."

Akachagua huku miguu ikiwa kwenye karai. Misumari miwili mirefu kwenye ncha ya kidole gumba, kwa ajili ya utelezi wa migunga. Miwili mifupi pembeni kwa ajili ya ardhi ngumu. Matundu mawili ya katikati akayaacha wazi bila msumari, akayaziba kwa nta ya nyuki, kwa sababu katikati ndiko tope la mbuga linakoanza kujishika. Mafuta ya ng'ombe akayapaka soli nzima mara tatu. Nilitaka kuuliza kijitabu kingesemaje, nikaona nijinyamazie.

Alfajiri mvua ilinyesha. Wasichana walikuwa arobaini na moja. Wengine walikuwa peku, wengine na raba, na wale wa mjini walikuwa na spaiki mpya zenye misumari yote sita, mirefu, inayong'aa. Walimu wao walipita mbele yangu wakitabasamu. Nilijua walivyokuwa wanajisikia, nilikuwa mmoja wao mwaka mmoja tu nyuma.

Bi Mwamvua hakukaa kwenye mstari wa kumalizia. Alikokota mguu wake hadi kwenye majaruba, akakaa juu ya tuta, na mimi nikamfuata. Alisema mwisho wa mbio utajulikana hata asipokuwepo, lakini soli zitaonekana hapa tu. Anisia alipofika alikuwa wa tisa. Nikafumba macho nikafumbua. Mbele yake wasichana walikuwa wameanza kunyanyua miguu mizito, mmoja amesimama anajaribu kubandua tope kwa mkono, mwingine kiatu kimebaki jarubani. Anisia alipita katikati yao kwa mwendo ule ule wa barabara ya misheni. Bi Mwamvua hakumtazama usoni hata mara moja. Aliinamisha shingo, akatazama chini ya viatu kila vilipoinuka, na midomo yake ikawa inahesabu. Anisia alipotoka kwenye mbuga alikuwa wa tano.

Kwenye migunga alikuwepo dada yangu, na yeye ndiye aliyetusimulia. Waliotangulia walifika kwenye udongo wa kukandikia wakateleza, wawili wakaanguka pamoja, mmoja akinyanyuka na mwingine akimshikilia. Anisia alipunguza mwendo, akakanyaga kwa ncha za vidole alivyoelekezwa, akavuka. Mama Kamili alikimbia pembeni yake na khanga imemfunguka, akipiga vigelegele hadi watu wakadhani ni mama yake mzazi.

Anisia alimaliza wa tatu. Wa nne alikuwa nyuma yake hatua mbili. Nililia hadharani, mwalimu mzima, sikuona haya na sioni haya sasa.

Anisia alikuja moja kwa moja kwa Bi Mwamvua, akavua viatu, akampa. "Shikamoo, Bibi," alisema, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba." Bi Mwamvua alivigeuza, akapitisha kidole kwenye matundu yaliyozibwa. Nta ilikuwa mahali pake, na tope lilikuwa jembamba, la kufuta kwa jani. Ndipo akauliza, "Umekuwa wa ngapi?"

Mwaka uliofuata lori lilibeba wasichana wanne, na vijana wa akiba wakapanda juu ya magunia. Lakini kuna jambo moja lililotokea kabla ya hapo, na hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi kuliko mbio zenyewe.

Watatu bora walikwenda Arusha kwenye mashindano ya taifa. Nafasi ya fundi viatu haikuwepo, niliomba ofisi tatu nikachoka. Bi Mwamvua alimkabidhi Anisia spana, mafuta na misumari kidogo ndani ya kibahasha, akamwambia achague mwenyewe. Fundi mwenyewe hakuwahi kufika mbali kupita Shinyanga mjini. Kwa siku zote nane Anisia alipokuwa hayupo, Bi Mwamvua alifanya kazi vibaya, akashona kiatu cha sista mmoja kisigino mbele.

Anisia alirudi Jumatatu mchana. Huko wakimbiaji waliruhusiwa kuikagua njia kabla, naye alikuwa wa kumi na tisa kati ya sitini na wawili. Mimi nilikuwa kibandani nimekaa. Alisalimia, akapiga magoti, akafungua mfuko wake, akatoa khanga na kuiweka mapajani mwa Bi Mwamvua. Ilikuwa na mafundo saba.

Bi Mwamvua aliyahesabu kwa kidole. Kisha akaomba maji. Alifungua fundo la kwanza, udongo mwekundu laini ambao kwetu haupo, akaulowesha, akauviringisha, akaunusa, akaweka hata kidogo kwenye ulimi. Akasema angeweka misumari gani. Anisia akajibu, "Ndiyo hiyo niliyoiwazia." La pili hivyo hivyo. La tatu lilikuwa jeusi la chengachenga, akacheka kwa kuliona, akalipitisha kwangu nilishike. La nne likaafikiana pia. Alipofika la tano akasema, "Hapa ningeweka mirefu minne."

"Mimi niliweka mifupi, Bibi."

"Kwa nini?"

"Juu palikuwa na umande tu. Nilichimbua kwa kisigino, chini palikuwa pakavu."

Aliurudia ule udongo, akaukanda tena taratibu kwa kidole gumba. Nilidhani atabishana. Fundi yule alibishana na kila mtu, alibishana na Padri juu ya viatu vya ibada.

"Wewe ulikuwepo," alisema mwishowe. "Mimi sikuwepo."

Akasogea kwenye benchi lake, upande wa ukutani, nafasi ya mtu mmoja ikapatikana. Akainama, akavuta lile kopo la kahawa lenye misumari kutoka chini ya meza, akaliweka kwenye mikono ya Anisia. Anisia akakaa. Mafundo mawili yalikuwa yamebaki, wakayafungua pamoja.

Mimi nilijiona wa ziada pale, na mtu akiwa hivyo husema upuuzi. Nikauliza kama khanga hiyo niipeleke kwa dada yangu ikafuliwe. Wakaniangalia wote wawili, nikawasogezea maji.